Tonton Amefika

Mangobo, Kisangani, siku moja kabla ya boti

Furaha, binti yangu, mama yangu,

Umevuka kwenda Lubunga kuaga rafiki zako, na mimi nakujua: kuaga kwako ni kuketi, kula, kucheka, kuketi tena. Hutarudi kabla jua halijashuka. Bon. Nimefunga duka mapema, nimeweka meza hapa uani karibu na sanduku lako, na nimechukua kalamu. Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kutomwachia mtu simu yako ndani ya boti, umeshayasikia mpaka sasa unayasema pamoja nami kama rozari. Sitayarudia. Kuna jambo jingine ambalo nalizunguka tangu papa yako alipokufa, na kama balenieri, hiyo boti yako, itaondoka kesho nalo halijasemwa, najijua, nitabaki nalo kifuani kama mfupa wa samaki.

Ni ile karatasi uliyoisoma kwenye matanga.

Lakini acha kwanza nikuambie kwamba namkosa papa yako. Sikuambii hivyo mara nyingi, kwa sababu ukiniona nalia nawe unalia, halafu nani atapika. Saa kumi na moja jioni sikio langu bado linakwenda langoni lenyewe. Unakumbuka: anatoka bandarini kutengeneza injini za watu, mikono myeusi kwa mafuta mpaka kwenye viwiko, hafungui lango hata kama liko wazi. Anagonga bati mara mbili na ufunguo wa spana, anasema kwa sauti ya mgeni, “Tonton amefika.” Haingii mpaka umkimbilie. Ulipokuwa mkubwa ukaanza kuuliza kwa nini papa anajiita tonton, kama mwanaume mgeni, nyumbani kwake mwenyewe, na sisi wawili tukakujibu kwamba ndiyo mchezo wa watu wa Yanonge. Hakuna mchezo kama huo Yanonge. Nitafika huko, nivumilie, unajua mama yako hafiki mahali kwa njia ya mkato.

Turudi kwenye karatasi, donc.

Siku ile ya pili ya kilio, wazee wa upande wa papa yako walisema lazima maisha yake yasomwe kabla mwili haujapelekwa Yanonge, kama tunavyofanya kwa kila mtu, na kwamba mtoto wake ndiye asome. Nikaingia chumbani, nikaandika kurasa nne kwa mkono wangu. Niliandika haraka, macho yamevimba, sikufikiri. Niliandika jinsi mimi, binti wa Butembo niliyekuja hapa na marobota ya vitenge, nilivyokutana na fundi wa injini asiyejua kucheza na asiyekubali kuambiwa hivyo. Niliandika kwamba alikuwa anaongea na injini zaidi kuliko anavyoongea na watu. Na niliandika Bafwasende. Niliandika kwamba alituacha miezi kumi na minne akachimbe dhahabu anunue injini yake mwenyewe, kwamba alirudi bila kitu, na kwamba alisimama nje ya lango hili kwenye mvua.

Nikakupa kurasa zile. Ukasema tuzipitishe kwenye ile akili ya kwenye telefone yako, iliyokusaidia kunyoosha maandishi yako ya shuleni. Ulitaka irekebishe tu mahali nilipoandika kwa machozi. Ilikuwa wazo zuri, na leo bado nasema lilikuwa zuri. Mimi ndiye niliyeliharibu. Ulipokuwa unapiga picha kurasa zangu, nilisimama nyuma yako nikakuambia, kumbuka maneno yangu maana mimi nayakumbuka yote: “Iambie ifanye iwe nzuri. Iambie iondoe aibu.”

Ukageuka ukaniangalia. Ukasema, “Mama, ya Bafwasende tuiache. Ile ndiyo papa mwenyewe.”

Nikakuambia uandike nilivyosema.

Basi ile mashine ikafanya ilichoambiwa. Siwezi kumwambia fundi wa nguo akate mikono ya gauni, halafu nilie kwamba mikono imekatwa. Ikarudisha ukurasa mmoja safi, wa Kiswahili cha redio, ambao ndani yake papa yako alikuwa nguzo ya familia, baba mwenye upendo, mchapakazi asiyechoka, mfano wa kuigwa katika jamii. Bafwasende hakuna. Injini hakuna. Hata kucheza kwake kubaya hakuna. Nami nikaisoma nikafurahi, Furaha. Hilo ndilo linalonichoma. Nilifurahi, kwa sababu mule ndani na mimi nilikuwa nimesafishwa. Nilikuwa “mke mwaminifu aliyesimama naye katika yote.”

Ulisoma vizuri. Watu chini ya turubai wakaitikia kwa vichwa, mzee mmoja akasema mtoto amesoma. Halafu Tantine Marceline akasimama. Shangazi yako, dada mkubwa wa papa yako, aliyemlea mgongoni, aliyesafiri kwa mtumbwi kutoka Yanonge na miguu ile iliyovimba. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alisema, “Huyu mutu munasoma hapa, mimi simujue. Ndugu yangu iko wapi?”

Watu wote wakaniangalia mimi, kwa sababu mjane ndiye anayejua. Na mimi, mbele ya watu wote wale, nikasema, “Ni Furaha na telefone yake.”

Ulikunja karatasi mara nne. Sikuona uso wako. Ulikwenda nyuma kwa wanawake wanaoosha masufuria, ukakunja mikono ya blauzi, ukaanza kuosha. Hukunijibu siku ile, hukunijibu kesho yake, na mpaka leo hujanikumbusha hata kwa utani, wewe unayenitania mpaka jinsi ninavyovaa kilemba. Tangu siku ile sijaona tena daftari lako la bluu mezani, lile ulilokuwa unaandika ndani yake kila Jumapili baada ya misa. Nililiona wiki hii nilipokusaidia kufunga sanduku. Limeishia wiki ile ya matanga. Sikusoma, naapa. Niliangalia tu mahali linapoishia.

Unisamehe. Nimetafuta namna nzuri zaidi ya kuliandika neno hili, sikuipata. Nilisema uongo juu yako mbele ya ukoo wa papa yako, na wewe ulikuwa na miaka kumi na minane na baba yako alikuwa amelala jenezani.

Na mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko wote. Sasa sikiliza kitu ambacho hukijui. Papa yako alipokuwa Bafwasende alinitumia barua moja tu. Dereva wa lori aliileta dukani, bahasha imeloa jasho. Nikafungua nikakuta Kifaransa cha waziri: mke wangu mpendwa sana, ninayo heshima ya kukujulisha kwamba afya yangu ni nzuri na kazi zinaendelea kwa matumaini. Kumbe kule machimboni kulikuwa na bwana mmoja anayeandikia watu barua, na papa yako, ambaye aliona mkono wake ni wa kushika spana, si kalamu, alikwenda kwake. Mimi nilisoma nikasema, huyu si mume wangu, huyu ni mtu amekaa vizuri mahali, ana mwanamke anayemfundisha Kifaransa. Niliichana. Sikujibu. Niliweka komeo jipya langoni, na nikaapa mbele ya Tantine Marceline kwamba yule mwanaume akirudi, mkono wangu hautalifungua.

Miaka baadaye, tumelala kitandani, ndipo aliponiambia alichomwambia yule mwandishi aandike. Alimwambia: andika kwamba mguu wangu umeoza, sijapata hata punje, nina aibu, aniambie kama naweza kurudi. Yule bwana akamwambia mke haandikiwi mambo kama hayo. Akaipamba barua.

Furaha, kama ile barua ingekuja na mguu uliooza ndani yake, ningepanda lori lile lile siku ile ile.

Basi mwanamke aliyechomwa na barua ya namna hiyo ndiye aliyekuambia uondoe aibu. Nacheka peke yangu hapa uani. Jirani amechungulia juu ya ukuta kuona kama nimepata wageni.

Sasa niko nakuletea habari mpya. Ulipoipata hii telefone mpya ukaniachia ile ya zamani, ukanionyesha jinsi ya kuiita ile akili na kuandika nayo, ukadhani sikuelewa. Sikuelewa kweli. Lakini dukani kuna saa za mchana ambazo hata nzi hawaingii, na mimi na kidole changu kimoja tukajifunza. Nilichukua zile kurasa zangu nne za kwanza, ambazo nilikuwa nimezificha chini ya vitenge, nikazinakili zote ndani ya simu. Ilinichukua siku nyingi. Mega za intaneti zikaisha, nikanunua nyingine, zikaisha.

Mara ya kwanza ikanirudishia nguzo ya familia, ile ile. Nikakasirika nikaiandikia kama ninavyomwandikia mteja mkaidi: Usiandike. Usipambe. Wewe humjui huyu mtu. Soma, halafu uniulize tu pale usipoelewa. Ikaniomba radhi kwa adabu sana, ikaniita Bibi, jambo ambalo sikulipenda, na ikaanza kuuliza.

Maswali mengine yalikuwa ya bure, mengine yalinichekesha. Iliuliza balenieri ni nini, nikaielezea kwamba ni boti kubwa ya mbao, na inaposhiba watu na mihogo na mbuzi ndipo tunasema imejaa, halafu tunaongeza wengine. Iliuliza alikuwa anaambia injini nini. Nikakumbuka. Alikuwa anaiambia, “Haya, mama, pumua.” Ile ile sauti aliyokuwa ananiambia mimi nilipokuwa nakuzaa wewe. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ni maneno yale yale, na sikuyaandika kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikayaandika, nikafunga duka, nikarudi nyumbani kulia kwa raha yangu.

Halafu siku moja ikaniuliza hivi, nakunakilia kama ilivyokuwa: “Umeandika kwamba uliweka komeo na ukaapa hutafungua. Kisha umeandika kwamba jioni ile alikuwa ameketi ndani anakula. Nani alifungua lango?”

Niliizima simu. Sikuigusa siku tatu.

Kwa sababu hata katika zile kurasa nne za machozi, ambazo naziita za kweli, nilikuwa nimeruka. Nilimsimamisha papa yako mvuani, nikamketisha mezani, na katikati hapakuwa na mtu. Ile mashine haikujua kilichokuwa pale. Haikujidai inajua. Iliona tu kwamba kuna tundu. Siku ya nne nikaifungua nikaandika yote, na iliponiuliza kama ningependa ininyooshee sehemu ile, nikaiambia hapana, asante, hiyo ibaki ilivyo. Nakuandikia na wewe ilivyo.

Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Jirani alikuja mbio kuniambia mume wangu yuko nje. Nikachungulia kwenye tundu la bati. Alikuwa ameshuka kwenye pikipiki ya mtu, amekonda, mguu mmoja umefungwa kitambaa, mkononi mfuko mmoja wa plastiki. Hakubisha hodi. Alisimama tu, anaangalia chini. Nami nikarudi ndani nikaanza kukunja vitenge. Nilikunja vyote. Nilipomaliza nikavikunjua nikaanza upya. Mvua ikaanza, ile mvua yetu isiyouliza, na yeye hakuondoka, na mimi sikutoka. Nilikuwa namsikia Tantine Marceline kichwani akinikumbusha kiapo changu, ingawa Tantine wa kweli alikuwa Yanonge anakausha samaki zake, hana habari. Nilitaka kutoka. Uandike hilo moyoni mwako, nilitaka. Miguu ndiyo ilikataa. Kiburi, Furaha. Sina neno jingine.

Wewe ulikuwa na miaka minne. Alipoondoka ulikuwa hujafika mitatu, uso wake ulikuwa umekutoka kichwani. Ulikuwa unacheza barazani. Nikasikia kitu kinaburutwa uani, nikatoka mpaka mlangoni. Ulikuwa unasukuma bidoni, lile dumu la maji la njano, tupu, mpaka langoni. Ukapanda juu yake. Mvua inakupiga, gauni limeganda mgongoni. Ukashika komeo kwa mikono miwili, ukalivuta, likakataa, ukalivuta tena. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwako. Sikukusaidia na sikukuzuia.

Lango likafunguka. Ukamwangalia yule mtu wa mfuko wa plastiki, na ukamwambia kwa adabu niliyokufundisha ya kupokea wageni: “Tonton, ingia. Unalowa.”

Papa yako alilia pale pale. Alipiga magoti kwenye matope akalia, na wewe ukanigeukia kwa hofu, ukidhani umemkosea mgeni.

Ndiyo hiyo, mama yangu. Ndiyo maana hakufungua lango mwenyewe tena maisha yake yote. Ndiyo maana ya yale mapigo mawili ya spana kwenye bati. Alikuwa anakushukuru kila jioni, na mimi nilikuwa namkataza asikuambie, kwa sababu kukuambia wewe ulifungua ni kukuambia mimi sikufungua. Alikubali. Alininyamazia mpaka kufa. Nyumba hii ulikula ndani yake miaka yote hii na baba, na wewe ndiye uliyemwingiza, na nilikunyima kulijua.

Kwa hiyo usiiogope ile akili ya telefone, na usiache kuandika kwa sababu yangu. Kule Kinshasa utaandika mengi, ya masomo na yako mwenyewe. Iite ikusomee. Mimi imenisaidia, nasema kweli, hakuna mtu katika mji huu aliyenisoma kwa uvumilivu ule. Lakini mahali panapokuuma, iache iulize tu, ujibu mwenyewe kwa mkono wako, hata kama sentensi inachechemea. Na siku utakapoona imekupa ukurasa ambao unafurahi kwa sababu umo ndani yake msafi kupita kiasi, nikumbuke mimi nimesimama nyuma yako.

Ndani ya sanduku, chini ya chumvi na kwanga, ile mikate ya muhogo, kuna daftari jekundu. Ndiyo maisha ya papa yako, yote, na mguu wake na kucheza kwake na mimi nikikunja vitenge. Boti ikipita Yanonge, Tantine Marceline atakuja na mtumbwi ubavuni kama anavyofanya kila mara, na samaki zake. Nimemtumia ujumbe. Umpe mkononi. Ukurasa wa kwanza nimeandika kwamba mtoto hakuwa na kosa, kwamba ni mimi niliyesema iondolewe, kwamba ni mimi niliyemsingizia. Akikuuliza tena ndugu yake yuko wapi, mwambie yumo humo. Wewe nimekunakilia daftari jingine, la kwako. Kurasa za mwisho nimeziacha tupu kwa makusudi.

Jua linashuka. Naona vivuli vya watu wanaorudi kutoka mtoni, na wewe utakuwa mmoja wao sasa hivi, na sitaki unikute na kalamu. Nimekwisha kukukosa na bado hujaondoka. Leo asubuhi ulipokuwa unafagia uani nilisimama dirishani nikahesabu mara ngapi unajishika kiuno kama papa yako. Nitalala peke yangu kwenye nyumba ya vyumba vitatu, nitapika kikombe kimoja cha mchele, nitazoea, usijali sana. Ujali kidogo.

Jambo la mwisho ni hili. Huko Kinshasa mambo yanaweza kwenda vibaya. Masomo yanaweza kukataa, mtu anaweza kukudanganya, unaweza kurudi na mfuko mmoja wa plastiki. Ulipokuwa Lubunga fundi alikuja. Nimemwambia aondoe lile komeo la ndani, lile lile ulilolivuta, ameweka kufuli linalofunguka kutoka nje. Lina funguo mbili. Mmoja ninao shingoni. Wa pili nimeufunga kwenye kipande cha kitenge changu, uko ndani ya daftari lako la bluu, pale ulipoacha kuandika.

Siku hiyo usisimame mvuani ukiangalia chini, ukingoja nimalize kukunja vitenge vyangu. Hapa hakuna tena mtoto wa kupanda juu ya bidoni. Fungua mwenyewe, mama, uingie.

Mama yako